Nyota Mbili kwa Mlango Nilioufunga Mwenyewe

Thaddeus Wolski,
Nyumba Na. 418, Mtaa wa Plum,
Kessel Park, Michigan.
17 Februari

Ndugu Mhariri,

YAH: BI MEREDITH HAUGEN NA NYOTA MBILI ALIZOIPA SEDANI YA MARCHMONT

Natumaini u mzima, na kwamba theluji haijakuzuia kufika kazini. Mimi ni mzima pia, ila nimeudhika. Ni mstaafu. Kwa miaka thelathini na minne nilikuwa nikifunga milango kwenye magari ya Marchmont kiwandani, mlango wa mbele kushoto na huo tu, kwa hiyo nikisema neno kuhusu Marchmont naomba nisichukuliwe kama mpita njia.

Jumamosi iliyopita mchambuzi wenu wa magari, Bi Haugen, alijaza ukurasa mzima kuhusu Marchmont za mwaka huu. Shangingi alilipa nyota nne kati ya tano, pikapu tatu, na sedani, ambayo ndiyo ninayoendesha mimi, mbili. Binti yangu Roxanne aliukata ukurasa huo akaubandika kwenye friji yangu kwa sumaku. "Baba, soma hapo nilipopigia mstari," akasema. "'Ni gari la chini mno. Mzee akiingia, atahitaji mtu wa kumtoa.' Sasa sikiliza. Siku utakayoshindwa kutoka mwenyewe, funguo nazichukua." Nami, mbele ya mume wake, nikamjibu, "Siku hiyo hutakuja kuzichukua, nitakupa mwenyewe."

Jumapili hii anakuja kunikagua. Bila funguo sitafika kwenye mlo wa samaki wa kila Ijumaa kanisani, wala makaburini kwa marehemu mke wangu, ila kwa kubebwa kama kifurushi. Hapo ndipo gazeti lako liliponifikisha.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Kuhusu kutoka. Ili niandike kwa haki, leo saa nne asubuhi nimehamia garini na karatasi zangu, gari likiwa hapa mbele ya nyumba, niwe karibu na ushahidi. Kabla ya kuanza kuandika nimeingia na kutoka mara tatu. Mara ya kwanza nimetumia sekunde kumi na moja. Mara ya pili, ishirini na sita. Mara ya tatu saa yangu ilikuwa na hitilafu.

2. Kuhusu mlango. Bi Haugen anasema unafungika "kwa sauti ya kabati la jikoni". Kabati la nani? Namkaribisha kwangu afunge makabati yote, kisha afunge mlango wa Marchmont, halafu anitazame usoni na kurudia maneno hayo. Mlango nilioufunga mimi ukishafungwa, upepo hubaki nje.

3. Shangingi limesifiwa kwa sababu linapita kwenye theluji ya magotini. Sedani haipiti kwenye theluji ya magotini kwa kuwa ina akili. Hubaki nyumbani. Sijui tangu lini busara imeanza kupunguziwa nyota.

4. Katika kuijaribu pikapu, yenye viti vya ngozi na zulia, Bi Haugen alipakia magunia manane ya samadi, kisha akalalamikia harufu. Nimesoma sehemu hiyo mara mbili nikidhani macho yananidanganya. Jirani yangu Duane ana pikapu ya Marchmont huu mwaka wa sita, na nyuma haijawahi kuona hata mfuko wa viazi. Mtu wa mtaani akihama na kumwomba msaada, Duane haringi hata kidogo, huwa anakwenda kuazima pikapu ya shemeji yake. Hivyo ndivyo pikapu ya kifahari inavyotumika, na mchambuzi asiyelijua hilo angeanza na baiskeli.

5. Vile vitufe vya kiti vinavyokumbuka mtu anavyopenda kukaa, yeye ameviita "pambo lisilo na kazi". Namba moja ni yangu. Namba mbili ni ya Genevieve wangu, aliyekuwa mfupi, akipenda kiti kipande juu na kusogea mbele mpaka pua ikaribie kioo. Huu mwaka wa pili hakuna aliyekibonyeza kitufe hicho. Kiti bado kinamkumbuka. Nilipoona neno "pambo" niliumia, na sioni aibu kukwambia.

6. Wino umeanza kuganda, naendelea kwa penseli. Nimesikia Bi Haugen mwenyewe anaendesha gari la kigeni. Hapa Mtaa wa Plum karibu sote tumestaafu kiwandani, na gari la kigeni haliegeshwi mbele ya nyumba ya mtu. Mkwe wangu Curtis, mume wa Roxanne, analo, na kwa miaka tisa ameliegesha kwa dobi, pale watu wanapofulia nguo kwa mashine, mtaa wa tatu kutoka hapa, akaja kwa miguu. Alikuja hivyo hata Krismasi ile aliyobeba bata mzinga. Hajawahi kulalamika kwa sauti.

Kwa hayo yote naomba:

(a) Sedani irudishiwe nyota zake tatu kabla ya Jumapili, ukurasa wa kwanza, kwa herufi za kutosha friji.

(b) Bi Haugen apelekwe kiwandani kufunga milango kwa wiki moja. Aende na chakula chake.

(c) Ipitishwe sheria kwamba hakuna atakayeandika habari za Marchmont kabla ya kukaa ndani yake asubuhi nzima bila kutoka, mpaka alielewe gari.

Nisalimie wapiga chapa, yule dada wa mapokezi aliyenikatia simu Jumatatu, na Bi Haugen pia, kwani mimi sina kinyongo na mtu.

Ni mimi, msomaji wako mwenye mlango,
Thaddeus Wolski

Nyongeza: Baada ya kuandika lile la tano nilibonyeza namba mbili. Nilitaka kuona tu. Kiti kikapanda, kikasogea mbele kama alivyokuwa akikaa Genevieve, tumbo langu likakutana na usukani, kisha betri ikafa, maana redio ilikuwa ikiimba tangu asubuhi. Mlango unafunguka vizuri. Mimi ndiye sitoki. Sasa ni saa saba na nusu.

Nimempigia Curtis aje na waya za kubusti betri. Nikamwambia alete gari mpaka hapa mbele. "Hapana, mzee," akasema, "nitaegesha kwa dobi. Sheria ni sheria." Sasa namwona anakuja kwa miguu, theluji magotini, amebeba waya bila gari. Nimempigia tena. "Curtis, rudi ukalilete. Liegeshe hapa mbele, leo na siku zote." Amesimama kidogo, halafu amegeuka anakimbia.

Kwa hiyo dai (a) nalifuta, na (c) nadhani nimelitekeleza mwenyewe. Jumapili nitampa Roxanne funguo kwa mkono wangu kama nilivyosema. Ijumaa Curtis atanipitia tukale samaki, na tukitoka huko atanipeleka kwa Genevieve.

Lalamiko la pili, la mlango, silifuti. Nimekaa humu masaa matatu na nusu, na upepo haujaingia.