Ukishuka, Umeshuka

Jumatatu, 3 Machi
Shajara, hujambo? Huku sote wazima. Baba watoto mzima, ila mgongo. Mama mkwe mzima, ila kanuna. Pacha wazima, kikohozi tu. Kifungua mimba wangu, anayesomea urubani, mzima. Mimi ndiye roho juu.

Leo nimemtazama toka kwenye uzio wa uwanja. Ndege ikashuka, ikayumba, ikakaribia kugusa ardhi. Ikapaa tena! Mara mbili! Jirani yangu mshonaji naye alikuwepo. Akauliza huyu ni rubani au kunguru, mbona anazunguka tu. Nimerudi nyumbani na aibu yangu.

Jumanne, 4 Machi
Binti kasema ndivyo wanavyofundishwa. Mwendo na mteremko vitulie mapema. Kisipotulia kitu na ardhi iko karibu, hulazimishi. Unapaa, unaanza upya. Maneno ya woga hayo. Nimemwapisha kwa maziwa niliyomnyonyesha: kesho kwenye mtihani, ukishuka, umeshuka. Kanyamaza. Nikahesabu ameitikia.

Jumatano, 5 Machi
Balaa. Nilipenya tundu la uzio nikamwonyeshe pa kutua. Nikasimama katikati ya njia ya ndege, napunga shuka. Akaja amenyooka kama uzi. Mara injini ikanguruma, akapaa juu ya kichwa changu. Nikalala kifudifudi, mchanga mdomoni.

Mtihani ukavunjwa. Mkaguzi akasema kupaa kule kulikuwa sahihi kabisa, lakini atarudia wote, tena uwanja mwingine. Walinzi wakanitoa wamenishika huku na huku. Binti akaja mbio, jasho likimtiririka.

"Mama, ningeshika kiapo chako, saa hizi tungekuwa tunakuzika."

Nikamwambia apanguse jasho.

Alhamisi, 6 Machi
Kafungasha. Atakaa kwa shangazi yake, jirani na huo uwanja mwingine, mpaka afanye mtihani, na siku yenyewe hataki niijue. Pacha wanamuulizia. Chakula chake nilikipakua kwa mazoea, kimepoa mezani. Mshonaji kaja kunipa pole, pole yenye meno. Baba watoto kambebea binti mzigo hadi kituoni, na mgongo wake ule. Afadhali angegomba.

Ijumaa, 7 Machi
Nimewaza kutwa, kosa nimeliona. Nilisimama katikati. Mtu husimama pembeni. Nimemwandikia wifi: habari zenu, wewe, shemeji, watoto na mgonjwa wenu? Mtihani wa binti ni lini, na uzio wa huko una tundu upande gani? Usimwambie. Nijibu upesi, wifi yangu, nisije nikachelewa.