Vyuma vya Siku Saba

Jumapili, 3 Machi

Leo nimetengeneza vyuma vya kunyanyulia. Vyenyewe ni zege, lakini vyuma ndilo jina lake.

Naandika sababu ili baadaye nisijidanganye. Nyapara ametangaza kwamba Jumamosi hii atachagua kibarua mmoja awe mwajiriwa wa kudumu. Sisi wabeba saruji ni kumi na wawili. Atatupima kwa mfuko begani, kutoka chini mpaka ghorofa ya nne, kushuka, kuchukua mwingine, mpaka abaki mmoja aliyesimama. Wa kudumu anapewa likizo ya mwezi mzima. Mimi sijafika nyumbani miaka miwili na miezi minne. Mwanangu nilimwacha anatambaa. Nasikia sasa anakimbiza kuku.

Tatizo la kwanza: mke wangu nimeshamwambia kwamba nafasi nimepata. Ulimi ulinitangulia. Ameshapaka chokaa ukuta wa mbele.

Tatizo la pili ni Winchi. Jina lake halisi hakuna anayelikumbuka. Anabeba mifuko miwili huku anapiga mluzi. Mke wangu anamjua, maana nimemsimulia sana: jamaa dhaifu, kifua kibovu, mimi ndiye humsaidia mizigo. Ukweli ni kwamba mwezi uliopita, ngazi ya ghorofa ya tatu, Winchi alinibeba mimi na mfuko wangu juu.

Kwa kinyozi kuna picha ukutani. Mtu ana chuma kila mkono, na mkono mmoja ni mnene kama mapaja yangu yote mawili. Nikasema kumbe siri ni hii. Makopo manne ya rangi, vipande viwili vya bomba, zege lililobaki kazini. Kopo huku, kopo kule, bomba katikati. Mchana wote. Nimechanganya saruji nyingi kuliko tunavyochanganya kwa nguzo za jengo. Mwili wangu si jengo la mtu.

Jumatatu, 4 Machi

Nimeamka nikavimwagia maji vyuma vyangu na kuvifunika kwa gunia bichi. Kazi ya mazoea, hata sikufikiri. Nikiwa nafunika kimoja, nikakumbuka kwa nini tunafunika. Zege hulindwa kwa maji siku saba ndipo likomae. Siku saba kutoka jana ni Jumapili ijayo. Mtihani ni Jumamosi.

Nimekaa kitandani dakika kadhaa nikiviangalia.

Mtu mwingine angevinyanyua hivyohivyo. Mimi siwezi. Nimefanya kazi ya zege miaka sita na sijawahi kugusa zege changa. Shule niliishia darasa la sita, lakini hili nalijua kuliko mwalimu wangu.

Fundi cherehani, jirani yangu wa ukuta mmoja, alichungulia akauliza kama nimezaa mapacha, maana nimevifunika vizuri mno. Nikamweleza. Akatikisa kichwa. Akasema, ndugu yangu, mtu anayeishi peke yake hanyanyui vitu vizito peke yake. Kikikulalia kifuani, nani atajua? Alimjua mtu mmoja aliyelaliwa na kabati tangu asubuhi mpaka aliyekuja kudai kabati lake akamkuta. Nikamuuliza yule mtu alisemaje. Akasema hakusema kitu, kabati lilikuwa juu yake.

Maneno yamenikaa. Nikifa chini ya zege, Winchi anachukua nafasi bila jasho.

Jumanne, 5 Machi

Siku tano zimebaki za kungoja zege. Basi nitazitumia kutengeneza vifaa vya usalama. Mtu mwenye akili hakai bure.

Nimekusanya: ubao wa jukwaa, wa kulalia. Kofia ngumu. Buti. Kipande cha godoro cha kuweka sakafuni. Kipenga cha kuita msaada, nikivae shingoni. Mkanda mpana wa kiuno, fundi cherehani ananishonea kwa gunia la saruji lililokunjwa mara nne.

Na kapi. Hiki ndicho kichwa cha mpango. Kapi ni lile gurudumu tunalopitishia kamba kupandisha ndoo za maji ghorofani. Nikilifunga kwenye boriti juu ya kitanda, kamba ikashika vyuma, basi mikono ikichoka vyuma vinabaki vinaning'inia. Havinigusi. Nitakuwa na msaidizi asiyekula wala kusema.

Kazini kapi ni moja tu. Nimeliazima. Sikupata mtu wa kumwomba, kwa sababu nilisubiri wote waondoke.

Mke wangu amepiga simu. Ananiita baba watoto, ingawa mtoto ni mmoja. Anasema huo ni ukumbusho. Ameuliza nakuja lini hasa, anataka kununua kitanda kipana. Nikasema nasubiri karatasi tu. Akauliza na yule mgonjwa wako wa kifua anaendeleaje. Nikasema, afadhali kidogo.

Jumatano, 6 Machi

Kazini hakuna kapi, kwa hiyo maji yamepanda kwa mikono. Ndoo sitini. Nyapara amezunguka jengo zima akiuliza nani ameliona. Nami nimelitafuta kwa bidii, mpaka ndani ya pipa la maji.

Kilichoniuma: Winchi amepandisha ndoo ishirini na tisa peke yake. Mbili kila mkono. Nyapara alisimama chini akimtazama kama mtu anayetazama mvua baada ya kiangazi. Nimempa Winchi jukwaa la kujionyesha, na jukwaa lenyewe nimelibeba mimi. Nimepandisha ndoo sita. Ya saba nilimpa Winchi. Alinipokea kabla sijaomba, akasema kaa upumue, kaka.

Dharau hiyo.

Mkanda uko tayari. Unabana. Fundi cherehani anasema alipima kiuno nilipokuwa nimevuta pumzi ndani, na kosa ni la kiuno.

Alasiri nimefunga kapi. Mafundo ninayafunga vizuri, hilo siwezi kulikataa, marehemu baba alikuwa mfunga mizigo ya malori. Nikajining'iniza mwenyewe kujaribu. Boriti haikulia hata kidogo.

Alhamisi, 7 Machi

Zege la siku nne lina karibu nusu ya nguvu zake. Nimefikiri sana, nikaona hesabu inakubali: nikinyanyua nusu ya njia, sijavunja kanuni.

Nikavaa kofia, buti, mkanda, kipenga mdomoni. Nikalala ubaoni. Kamba moja, kapi moja, chuma huku na chuma kule. Nikanyanyua vyote viwili mpaka usawa wa mbavu. Safi. Mkono wa kushoto ukachoka, nikaachia.

Cha kushoto kilishuka. Na kwa kuwa ni kamba moja, cha kulia kilipanda. Kilipitia kidevuni.

Nikapuliza kipenga. Nikapuliza tena. Kimya. Baadaye fundi cherehani akaniambia alisikia vizuri, akafurahi kwamba leo jirani yake ana raha.

Nilipoacha kuona nyota nikaona kosa. Kila chuma kinataka kamba yake, na kila kamba inataka fundo la kuzuia, lile linalojikaza lenyewe likivutwa ghafla. Baba alinifundisha kwa kamba ya mbuzi. Nikafungua yote, nikafunga upya. Mara hii nikaachia makusudi, nikiwa nimesimama mbali. Vyuma vilishuka kidogo, vikasimama hewani. Vikakaa hapo vikijizungusha taratibu.

Nimeviangalia mpaka chai ikapoa. Kidevu kimevimba. Kutafuna siwezi. Nimechovya mkate.

Ijumaa, 8 Machi

Leo nimeponea chupuchupu.

Nilikuwa ndani, mlango wazi, navimwagia vyuma maji, huku vinaning'inia, mara nyapara huyu hapa uani. Kumbe suruali yake ilikuwa kwa fundi cherehani, zipu imeng'oka. Aliipokea, akageuka, macho yakaingia chumbani kwangu moja kwa moja mpaka kwenye kapi.

Akaingia. Akavuta kamba ya kwanza. Akavuta ya pili kwa ghafla, fundo likajikaza. Akajining'iniza, mtu mzima na suruali yake kwapani, miguu juu. Akashuka. Akaulizia fundo moja moja, hili la nini, hili la nini. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, ambayo kwa nyapara ni mbaya kuliko ile kubwa: nani amefanya kazi hii?

Akili ikanijia kama umeme. Nikasema ni Winchi. Nikasema aliniomba nimhifadhie, chumba chake kidogo, mimi sikujua kapi limetoka wapi. Nikaongeza kwamba nilimshauri alirudishe lakini yeye ni mkaidi. Kidevu nikasema ni jino.

Nyapara akakitazama kidevu. Akashusha vyuma, akafungua kapi, akaliweka juu ya suruali, akaondoka.

Nimemmaliza Winchi bila kunyanyua kitu. Kusema kweli nilimwonea huruma. Huruma ilidumu mpaka kikombe cha chai kilipoisha.

Nimempigia mke wangu nikamwambia anunue kitanda.

Jumamosi, 9 Machi

Tulipanga mstari sote kumi na wawili. Mimi na mkanda wangu wa gunia. Mifuko ilikuwa imepangwa chini ya ngazi. Winchi alikuwa anapiga mluzi, maskini, hajui.

Nyapara akasema hakuna mtihani.

Akasema wenye nguvu anao wa kutosha. Akakumbusha mwezi uliopita, ndoo iliyokatika kamba ikapita pembeni ya kichwa cha mpiga lipu. Tangu siku ile mwenye jengo anamdai mtu wa kamba na majukwaa, anayejua fundo na anayefikiria mwenzake asiumie. Akasema mtu huyo tumekaa naye hapa hapa, kimya, anafanya mazoezi nyumbani kwake kwa muda wake mwenyewe. Kuchukua kapi bila ruhusa ni kosa, lakini amemsamehe, kwa kuwa kulikuwa kwa ajili ya kujifunza.

Kisha akamwita Winchi.

Winchi akasema yeye kamba hajui, hata viatu vyake ni vya kuchomeka tu. Nyapara akawageukia wengine akasema mnaona, na hajisifu.

Nilitoka kwenye mstari. Nilisema, bosi, ile kazi ni yangu, mafundo ni ya marehemu baba. Nyapara akaniuliza jana nilisema ya nani. Akasema jana ya Winchi, leo yako, kesho utasema ya mamako. Akasema wivu unaozesha meno, ndiyo maana kidevu changu kiko vile. Watu wakacheka. Winchi hakucheka. Alikuwa ananiangalia mkanda.

Baadaye tulibeba ile mifuko, kwa kuwa ilikuwa imeshapangwa.

Jumapili, 10 Machi

Winchi amekuja asubuhi. Nilijiandaa kupigwa, nikavaa kofia. Hakuja kupiga. Amekuja na kamba.

Akasema kaka, najua ni wewe, mimi nisaidie tu. Kesho anaanza na hajui hata fundo la kwanza. Akasema alikwenda jana jioni kumwambia nyapara ukweli, nyapara akamwambia unyenyekevu ukizidi unakuwa kiburi, akamfukuza. Basi tumekaa sakafuni tangu saa tatu mpaka mchana. Vidole vyake vinene, lakini fundo la mbuzi amelipata. Tumekubaliana kila asubuhi nipite jukwaani kabla ya watu kufika, nikague mafundo yake. Yaani kazi nitafanya mimi, likizo atakwenda yeye.

Anakwenda mwisho wa mwezi. Basi atakalopanda linapita mji wetu. Akasema kwa roho safi kabisa kwamba kama nina zawadi ya mtoto, atashuka, atampelekea mwenyewe mkononi, atasalimia na shemeji.

Shemeji mwenyewe anamjua kama mgonjwa wa kifua.

Nimempigia mke wangu. Nikamwambia wadhifa wangu umekuwa mkubwa mno, hawawezi kuniachia mwezi huu, na likizo yangu nimempa yule mgonjwa, kwa huruma, naye atapita kumletea mtoto zawadi. Nikasikia kuku. Kisha akasema kitanda kimeshafika na hakipiti mlangoni, kiko uani. Akasema mtoto huwa anaigeuza simu, anatazama nyuma yake, anauliza baba ametokea upande gani. Halafu akasema haya, baba watoto, huyo mgonjwa namsubiri, nitampikia uji.

Sikuweza kuandika kwa saa nzima. Kisha nikapata njia.

Nimemweleza Winchi yote. Akifika kwangu ashuke taratibu. Avae koti zito. Ainamishe mabega. Akohoe kila baada ya maneno matatu, na uji anywe wote. Zaidi ya yote asibebe kitu mbele ya mke wangu, hasa asikiguse kile kitanda, hata akiombwa kukiingiza ndani. Winchi alifikiri, akasema ni haki, kila mtu ana shida zake. Tumefanya mazoezi. Kikohozi chake cha kwanza kilifanya fundi cherehani agonge ukuta. Tutakipunguza.

Vyuma leo vimetimiza siku saba. Vimekomaa vizuri, havina ufa. Bila kapi nilishindwa kuvitoa pembeni ya kitanda, nikamwomba Winchi, akavisogeza kwa mguu.

Nimeona kosa langu lilikuwa wapi. Vilikuwa vidogo. Nimeleta makopo makubwa zaidi na nimeshachanganya. Nyapara anasema mwezi wa sita atachukua mwingine wa kudumu. Mke wangu nimeshamwambia mwezi huo nakuja.