Mashine Sita za Kwenda Gabon

Jumatatu, 9 Juni 2025
Mvua ya mawe. Mashine sita za kupima presha bado ziko juu ya kitanda chetu hapa Kapsoit. Mke wangu Akello analala na watoto wiki ya pili sasa. Amesema nisipoleta saini ya mnunuzi kufikia Ijumaa, zote zinaenda kwa Muriuki wa duka la dawa. Muriuki! Aliyeniita Waziri wa Biashara ya Nje mbele ya wateja.
Saa kumi, simu. Mzee Kiptanui, zamani dresa, yaani mhudumu wa zahanati wa kufunga vidonda. Watu wake wa Kabon hawajapimwa presha miaka mingi. Nimefanya kazi kiwandani na Wakipsigis miaka kumi na moja. Wakitamka K, andika G. Gabon!

Jumanne, 10 Juni
Tathmini ya nchi. Mji mkuu: Libreville. Uchumi: mafuta, mbao, manganizi. Sarafu: faranga. Hatari: jeshi lilipindua serikali 2023, Kifaransa sijui.
Nimempigia Kiptanui kuuliza habari za bandari. Akasema meli ya nini, nipite tu nyuma ya majani chai. Mcheshi. Nikauliza kama wateja wake ni watu wa kuhamahama.
"Sisi hatuendi mahali, kijana yangu."
Nimeandika: soko tulivu.

Jumatano, 11 Juni
Jirani yetu Chepkosgei, mchuma chai, ameona karatasi zangu. Eti Kabon ni kambi ya wachumaji, hapo ng'ambo ya kilima. Ilivunjwa baada ya homa kuua watu wengi, chai ikapandwa juu yake. Nikamrekebisha matamshi. Akauliza ni Kiptanui yupi. Nikasema dresa. Akatua kikapu chake, akaenda bila kikapu.
Hatari ya tatu: wivu wa majirani.

Alhamisi, 12 Juni
Kiptanui ameomba sampuli. Kwenye jiwe, nyuma ya chai, saa kumi. Bila shaka ana wakala huku.
Ukungu ulishuka mpaka sikuona viatu vyangu. Hakuna mtu. Nikaweka mashine juu ya jiwe, na kitabu cha risiti kando. Mashine ikajiwasha. Mkanda ukajaa, ukakaza kana kwamba kuna mkono ndani. Juu 118, chini 76. Mpigo wa moyo: sifuri. Ukalegea. Ukajaa tena. Mara tisa, presha tofauti kila mara, mpigo sifuri. Majani yakasogea kama watu wanaosongeana kwenye foleni.
"Asante, daktari," mtu akasema sikioni.
Nikanyakua kitabu, nikakimbia, lakini kwa mpangilio. Mashine niliiacha kama sampuli. Nyumbani nikafungua kitabu: alama tisa za vidole gumba, udongo mbichi. Saini!

Ijumaa, 13 Juni
Akello akanusa ukurasa.
"Baba Amondi, huu ni udongo wa kaburi."
Nikamweleza ni wa Gabon. Mashine tano zilifika kwa Muriuki kabla chai haijachemka.
Mchana Muriuki amezirudisha mwenyewe. Hakutania. Kila mteja aliyempima, mpigo sifuri. Akanawa mikono kwenye mfereji wetu, mara mbili.

Jumamosi, 14 Juni
Kiptanui amepiga. Wa kwanza wameridhika. Sasa kuna wengine, wa Kana. Akasema Kana ni karibu zaidi. Alipo anaona moshi wa jiko letu. Wafanyabiashara na kutia chumvi!
Ukurasa mpya. Ghana. Mji mkuu: Accra. Sarafu: sedi. Hatari: hakuna.