Somo la Sehemu na Shati la Samawati

Jumatatu, 3 Juni

Kikao cha walimu. Mwalimu mkuu kaja na jambo jipya: hakuna tena mwalimu kujifungia na darasa lake. Tutapanga somo pamoja, mmoja wetu atalifundisha, wengine watakaa darasani watazame, halafu tuketi tulijadili. Akasema hivyo ndivyo walimu wanavyokua. Nikaitikia kwa kichwa, nikijua fika kwamba mimi nilishamaliza kukua.

Akauliza nani ataanza. Nikainama kufunga kamba za viatu. (Viatu vyangu havina kamba.) Nikakaa huko chini muda wa kutosha. Nilipoinuka, jina langu lilikuwa ubaoni! Somo la sehemu, darasa la tano, Alhamisi.

Baada ya kikao akanibakiza. Akaniambia kwa upole, na upole wake ndio unaotisha, kwamba nusu ya darasa langu walianguka mtihani wa sehemu. Hali isipobadilika, mikondo yote miwili ya darasa la tano atapewa Bibi Rula, na mimi nitakabidhiwa funguo za stoo ya vitabu. Stoo! Mimi, ambaye wanafunzi wananiita Redio kwa kuwa sizimiki! Huko nitamfundisha nani, kamusi?

Bibi Rula ni mwalimu wa mkondo wa pili. Mrefu, mnyoofu, kila kitu chake kimenyooka, hata kivuli. Watoto wake wote wanajua sehemu. Lazima ana siri. Nitaipata.

Jumanne, 4 Juni

Wakati wa mapumziko nikajipenyeza chumba cha walimu kikiwa kitupu. Nikafungua kabati la Bibi Rula. Ndiyo kwanza nimelishika jalada la sehemu, mlango ukafunguka. Yeye! Nikasema natafuta gundi. Akalitazama jalada, akanitazama mimi, akasema masomo yake yote ya sehemu yamo humo, nichukue tu. Akaniongezea bahasha ya vipande vya karatasi alivyokata mwenyewe ili watoto wavikunje. Tena akaomba radhi, eti vingine havikukatwa sawasawa.

Hapo ndipo nilipomshtukia. Nani anatoa siri yake hivihivi? Huu ni mtego. Nikamshukuru sana, nikaapa nisitumie hata ukurasa mmoja. Bahasha nikairudisha kimyakimya mezani kwake.

Jioni tukapanga somo: mimi, Bibi Rula na mwalimu wa jiografia, ambaye sote tunamwita Mzee Ramani ingawa hupotea akienda benki. Wakakubaliana niulize swali moja tu, ipi kubwa, theluthi au robo, kisha ninyamaze, watoto wakunje karatasi na kubishana wenyewe. Ninyamaze! Watu wamebeba viti vyao kuja kumtazama mwalimu, mwalimu kafunga mdomo! Nikakubali kila kitu. Moyoni nina langu.

Mzee Ramani akaongeza kwamba somo hili si langu, ni la kikundi. Maneno mazuri. Lakini nani atakwenda stoo, kikundi?

Jumatano, 5 Juni

Siku ya kazi nzito. Somo la kesho nimelifundisha leo, tangu kengele ya asubuhi mpaka ya kurudi nyumbani. Kila mtoto kapewa jibu lake na zamu yake. Na ili isionekane ni maigizo, nimemteua msichana wa dirishani akosee, nami nimsahihishe kwa huruma mbele ya wageni. Akaniuliza akosee kiasi gani. Nikamwambia kiasi tu. Watoto hawashiki upesi, imebidi nipaze sauti kutwa nzima. Koo linawasha. Si kitu.

Mke wangu ni fundi cherehani. Kanimalizia shati jipya la samawati, la kola ngumu. Nikafanya mazoezi mbele ya kioo: kuingia, kutabasamu, kugeuka na chaki mkononi. Akaniuliza kama naenda kufundisha au naenda kuoa. Nilitaka kumjibu, sauti ikanikwama. Akanichemshia maji ya tangawizi, akanitandikia kitanda, akasema ninyamaze nilale. Namshukuru Mungu kwa mwanamke huyu, ingawa hajui mambo ya ualimu.

Alhamisi, 6 Juni

Nimeamka sina sauti. Si ndogo, si ya kukwaruza. Hamna! Nilifungua mdomo kumsalimia mke wangu, ukatoka upepo.

Nikaingia darasani, shati limenikaa sawa. Mwalimu mkuu, Bibi Rula na Mzee Ramani wakaja na viti vyao, wakavipanga ukutani, wakawageukia watoto. Watoto! Hakuna hata mmoja aliyenitazama. Eti kinachotazamwa ni jinsi mwanafunzi anavyofikiri, si mwalimu. Inasemekana jambo hili lilielezwa Jumatatu. Labda nilikuwa bado niko kwenye viatu.

Nikafungua mdomo niulize swali. Upepo. Mtoto wa kwanza akaona midomo yangu inacheza, akasimama wima, akasema theluthi. Wa pili akasimama, akasema ni kwa sababu wagawanaji ni wachache. Wa tatu, wa nne, majibu yakamiminika, na swali lenyewe halijaulizwa! Nikapunga mikono wakae. Wakadhani nawahimiza, wakaongeza kasi. Msichana wa dirishani akakosea kwa sauti kubwa, kisha akanigeukia asahihishwe. Nikabaki namtazama. Akakosea tena, safari hii zaidi, akidhani kosa la kwanza halikutosha.

Jasho likanitoka, shati la samawati likageuka rangi mgongo mzima. Niliziona kabisa zile funguo za stoo. Mwalimu mkuu alikuwa ameacha kuandika.

Ndipo Bibi Rula akainuka. Akatoa ile bahasha kwenye mkoba wake, akagawa vipande vya karatasi dawati kwa dawati. Akaandika ubaoni swali ambalo sikuwapa jibu lake: ipi kubwa, robo au sudusi? Akanitia chaki mkononi, akarudi kitini.

Darasa likatulia. Kisha mmoja akasema sudusi, kwa kuwa sita ni kubwa kuliko nne. Na karibu wote wakakubali! Nilitaka kupiga kelele. Sikuwa na kelele. Basi wakaendelea. Wakakunja, wakapima, wakabishana mpaka wengine wakasimama juu ya viti. Mwisho msichana wa dirishani akalaza sudusi yake juu ya robo, akaitazama, akainua uso.

"Kumbe ukizidi kugawa, kila mmoja anapata kidogo," akasema.

Hakuna aliyempa jibu hilo. Nimemfundisha msichana huyu tangu mwaka jana na sikuwahi kumsikia akifikiri, maana nilikuwa naongea mimi. Humu hasomi mtu, basi niseme: machozi yalinilenga.

Tukaenda kujadili. Utaratibu ni kwamba aliyefundisha husema kwanza. Nikaonyesha koo. Mzee Ramani akasema maishani mwake hajaona mwalimu aliyenyamaza kwa ustadi vile. Mwalimu mkuu akauliza yale majibu ya mwanzo yalitoka wapi. Nikainamia tena kamba za viatu.

"Somo tulipanga wote," Bibi Rula akasema. "Palipoharibika tuandike ni sisi. Palipofaa, pia ni sisi."

Mwalimu mkuu akaandika hivyohivyo.

Ijumaa, 7 Juni

Sauti imerudi kidogo. Mwalimu mkuu kaniita ofisini. Darasa limebaki langu! Ila kila wiki nitapanga somo moja na Bibi Rula, na tutatembeleana darasani. Nikatoka nikiwa mwepesi, nikampa mkono mpaka mlinzi wa getini, naye akaniuliza kama nimepata mtoto.

Nilipomsimulia mke wangu, akasema leo ndiyo mara ya kwanza nimerudi nyumbani nikizungumzia mwanafunzi badala ya kujizungumzia mwenyewe. Akaniamuru nirudi shuleni nikamshukuru Bibi Rula kabla sijaanza kujisifu. Nikarudi. Nilikuwa nimeandaa hotuba, koo likaruhusu maneno mawili tu: asante, dada.

"Asante yako nipe Jumatano," akasema. "Ni zamu yangu, na mimi naogopa kutazamwa. Uje ukae na watoto wangu, uniambie nisichokiona."

Bibi Rula anaogopa! Miaka yote tumetenganishwa na ukuta mmoja wa matofali nami nikidhani upande wa pili kuna adui. Nimebahatika kuliko ninavyostahili, na nimeliandika hapa nisije nikasahau.

Jumapili, 9 Juni

Wiki hii yote nimeitafakari kwa utulivu. Nina wenzangu wema, mke mwema, na darasa langu. Nina deni la fadhila, nami si mtu wa kusahau fadhila. Shati nalo lilisaidia, hilo lisipuuzwe.

Nimepata namna ya kumlipa Bibi Rula. Jumatano hatakuwa na sababu ya kuogopa. Kesho alfajiri, kabla hajafika, nitaingia mkondo wa pili niwagawie watoto wake majibu yote, kila mtoto na zamu yake. Yeye sitamwambia, sitaki makuu. Na wa kukosea sina haja ya kumtafuta. Nitampelekea msichana wangu wa dirishani, ambaye tayari ana uzoefu.