Mguu wa Mulei na Kamati ya Pamoja

Jumatatu, 5 Machi 1956

Siku njema! Bwana Mkubwa ametangaza kwamba afisi yetu ya kazi hapa Thika, misheni moja ya Ruiru na chama cha askari wa zamani wataungana kuwatafutia vilema kazi. Kamati moja, na faili moja kwa kila mtu. Karani atakayekuwa wa kwanza kumfikisha mtu kazini atakuwa Katibu, na Katibu atapewa baiskeli mpya yenye taa. Mimi, Boaz Wamalwa, nimeshajiona nikiteremka nayo kuelekea Mto Chania. Kikwazo ni kimoja tu: Erastus Opiyo, karani wa misheni. Mtu wa kujidai! Hata akikusalimu ni kama anakusomea barua.

Saa nne akaingia Mulei. Mguu mmoja aliuacha vitani Burma, anatembea kwa magongo. Akanieleza kwamba kibali chake cha kukaa mjini kinakwisha Jumamosi. Asipokuwa na barua ya mwajiri, yeye, mkewe na watoto watatu watafukuzwa kutoka chumba chao Majengo. Maskini! Nilimhurumia kweli. Nikamwandika upesi, asije akaenda Ruiru. Fomu inauliza mtu amepungukiwa na nini, tangu lini, na shahidi ni nani. Alitaka kuniambia jambo kuhusu kazi yake ya zamani. Nikamwambia karatasi imejaa.

Jumanne, 6 Machi

Balaa! Mulei alikwishajiandikisha Ruiru wiki jana. Opiyo ana nusu ya faili, mimi nusu. Ameniletea barua: tushirikiane, nimpelekee yangu. Nikamjibu kwamba ushirikiano naupenda sana, atangulize yake. Jioni likaja jibu kwamba ananiheshimu mno hawezi kunitangulia. Mnafiki! Faili nimeiweka chini ya mto wa kiti changu. Anayeitaka aniinue kwanza.

Jumatano, 7 Machi

Opiyo amempatia Mulei kazi ya kuchambua kahawa Ruiru, aanze leo. Leo! Nikamwahi Mulei kituo cha basi, nikamwambia hiyo ni kazi ya akina mama, aibu kwa askari, na isitoshe nafasi imefutwa. Haikufutwa. Nitatubu Jumapili. Akasema kwa adabu kwamba aibu anayoijua yeye ni watoto kulala nje.

Nikampeleka kwa Mhindi mmoja mwenye ghala la katani, awe mlinzi. Mhindi akauliza mwizi akitimua mbio itakuwaje. Hilo sikuwa nimelifikiria.

Alhamisi, 8 Machi

Hotuba yangu ya mkutano wa kamati kesho lazima ipigwe taipu, na mashine yetu imekufa tangu Januari. Mulei, aliyekuwa amekaa afisini tangu asubuhi akingoja habari, akaomba aitazame. Kisu kidogo, mafuta ya taa kidogo, nusu saa. Inaimba! Akasema jeshini alitengeneza mashine kama hizi miaka sita. Nikampa hongera, nikamwomba atoke nje nipate kufanya kazi, nami nitaendelea kumtafutia ulinzi.

Hotuba imetoka safi. Kurasa nne!

Ijumaa, 9 Machi

Kamati, ukumbi wa misheni, Ruiru. Chai, mkate, siagi. Mimi na Opiyo tulisimama kwa pamoja, kila mmoja akidai Mulei ni wake. Sajini Ndambuki wa chama cha askari akauliza Mulei mwenyewe yuko wapi. Kila mmoja alidhani mwenzake amemwalika.

Tukaamriwa tuunganishe faili. Nusu ya Opiyo ilisema hana mguu wa kushoto. Yangu ilisema hana mguu wa kulia. Hapo nikang'amua kosa langu. Mulei alikuwa ameketi akinitazama, nami niliandika kulia kwangu, ambako kwake ni kushoto. Nikafungua mdomo niseme. Nikaiona baiskeli imeegemezwa ukutani, inang'aa. Nikaufunga.

Kamati ikaamua kwamba Mulei hana miguu yote miwili, kwa hiyo kazi haimfai, na aombewe kiti cha magurudumu katika mwaka wa 1957. Ndambuki alipinga, akisema juzi alimwona amesimama. Akaulizwa kama ana faili. Hana.

Jumamosi, 10 Machi

Sikupata usingizi. Najiona mtu mbaya, na ni kweli. Asubuhi nikaenda Majengo kuungama, nikitarajia kukuta vyombo vyao vimetupwa nje. Jirani yao, Mwanaharusi, akaniambia Mulei yuko kazini.

Kazini! Jana, sisi tukinywa chai Ruiru, fundi wa taipu alikuja afisini kuchukua mashine yetu akaitengeneze. Akaikuta nzima. Akamuuliza tarishi wetu, Rama, ni nani aliyeigusa. Basi akamtafuta Mulei, akamwajiri papo hapo, na barua ya kibali akampa. Nilikaa pale kizingitini nikalia kwa furaha, mbele ya Mwanaharusi, bila haya.

Kisha nikakumbuka kwamba mashine ni ya afisi yetu. Kumbe kazi nimempatia mimi! Nikakimbia kuandika ripoti.

Jumatatu, 12 Machi

Opiyo naye ameandika ripoti. Anadai Mulei alipata kazi siku ya mkutano wa Ruiru, kwa hiyo ni matunda ya Ruiru. Hana haya huyu! Kamati imetusifu sote kwa ushirikiano na kutugawia ukatibu: baiskeli kwangu, taa kwake. Atakayemfikisha mtu wa pili kazini atachukua vyote.

Leo ameingia Kulthum, mwanamke wa Gatuanyaga asiyesikia. Alianza kufungua furushi anionyeshe kazi ya mikono yake. Nikamwashiria alifunge, aguse tu sikio lake. Mchana ikaja barua ya Opiyo: naye ana nusu ya faili ya Kulthum, naomba uniletee yako, ndugu.

Nimemjibu, kwa masikitiko makubwa, kwamba marehemu Kulthum tulimzika jana. Kulthum mwenyewe yuko hapo mlangoni, anangoja.