Uzinduzi wa Sheria ya Picha Isiyo na Cheti cha Kuzaliwa

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye ni mimi. Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Maandalizi, ambaye pia ni mimi ila kwa leo nimemkaimisha shemeji yangu. Waheshimiwa wajumbe wa Kamati Ndogo, Kamati Ndogo Zaidi na Kamati ya Kuziangalia Kamati. Wakuu wa idara, makaimu wakuu wa idara na wale wanaosubiri kukaimu. Wadau, stekiholda na wanahabari mlioketi karibu na soda. Mabibi na mabwana, pamoja na ninyi wengine mlioko huko nyuma: itifaki imezingatiwa, na kama kuna mtu nimemsahau, basi hakuwa na cheo.

(Makofi ya mstari wa mbele. Sisi wa nyuma tulikuwa tumeganda kwenye viti vya plastiki tangu asubuhi, mimi, binti yangu na jirani yangu mshonaji, tukimngoja huyu Mkurugenzi ambaye mtaa mzima unamwita Bwana Mchakato, kwa sababu hata ukimwuliza ni saa ngapi atakujibu jambo hilo liko kwenye mchakato. Tulikuja kwa shida moja. Fundi simu wa mtaani kwetu aliichukua picha ya mjukuu wangu, ile aliyopigwa na sare ya shule, akaitia kwenye kompyuta, na kompyuta ikatoa picha chafu ambayo sitaieleza hapa wala kwingine. Ikazunguka kwenye simu za watu. Mtoto hataki tena kwenda shule. Polisi wakatuambia hakuna sheria ya kumgusa fundi, tungoje hiyo inayozinduliwa leo. Basi tukangoja.)

Ndugu wananchi, dunia ya leo ni dunia ya dijitali, na dijitali, kama mnavyofahamu ninyi msiofahamu, ni dijitali kwelikweli. Kompyuta ya kisasa ina akili bandia, na mimi kama kiongozi mwenye akili halisi nilikuwa wa kwanza katika ukanda huu, na huenda katika kanda zote, kuona kwamba akili hiyo ikiachwa bila kuratibiwa inaweza kutengeneza picha chafu za watoto, jambo ambalo ofisi yangu, kwa maono yangu, kwa usimamizi wangu na kwa projekta yangu, inalilaani kwa asilimia mia moja na nne, kutoka asilimia tisini za mwaka jana.

(Makofi. Projekta ikawashwa ukutani, ikatoka picha yake mwenyewe akikata utepe. Ikafuata nyingine, anakata utepe. Ya tatu haikuwa na utepe, alikuwa ameshika mkasi tu.)

Kama mnavyoona, kazi imefanyika. Lakini kabla ya kupiga marufuku kitu lazima tujiulize swali zito la kisheria, swali ambalo wataalamu tumekwenda nalo hotelini, tukalitafakari karibu na bwawa la kuogelea kwa kina cha bwawa lenyewe: je, sheria inaweza kumlinda mtoto ambaye ametengenezwa na mashine? Maana wapo waliosema kwamba hapo hakuna mtoto aliyeguswa, kuna umeme tu na rangi, na rangi haina mzazi. Na wapo waliosema tofauti, ila hao walisema wakati sisi tunakula. Baada ya majadiliano marefu tukafikia maamuzi, kwa kauli moja na bila shinikizo lolote, ya kutoamua kwanza.

(Hapo mshonaji akashindwa kuvumilia. Huyu si mtu wa maneno mengi, muda wote mdomo wake umejaa pini. Akasimama, akasema, “Mzee, mtu akiniletea vipimo vya mtoto, nguo nitakayokata ni ya mtoto, hata kama huyo mtoto sijawahi kumwona. Aliyeagiza anajua alichoagiza.” Akakaa. Watu wakapiga makofi, Mheshimiwa naye akainama kushukuru, akidhani ni yake.)

Asanteni, asanteni sana. Sasa, katika kuandaa fremuweki ya sheria hii tulihitaji tafsiri ya neno mtoto, maana huwezi kumlinda mtu usiyemtafsiri. Kitengo changu cha Tafsiri kikabaini kwamba mtoto ni yeyote mwenye cheti cha kuzaliwa kinachothibitisha kwamba hajafikisha umri wa utu uzima. Mnaona urahisi huo? Kwa hiyo kila picha chafu itakayoletwa ofisini kwangu itapokelewa kwa heshima zote, itagongwa muhuri, kisha itaombwa iwasilishe cheti chake cha kuzaliwa. Ikiwa na cheti, ni mtoto, na mhalifu tutamshughulikia bila huruma. Isipokuwa na cheti, haina umri, na kitu kisicho na umri hakiwezi kuwa mtoto, hivyo mlalamikaji atarudishiwa picha yake aende nayo nyumbani.

(Mtu mmoja huko nyuma akaanza kucheka, akajizuia, akashindwa. Kicheko kikatambaa mstari hadi mstari.)

Msicheke, jambo hili tumelifanyia majaribio. Picha ya kwanza tuliiandikia barua kuitaka ilete cheti. Haikujibu. Tukaikumbusha. Ikakaa kimya. Tukaipa onyo la mwisho lenye nakala kwa wazazi wake, tukagundua hatuna anwani ya wazazi wake. Hapo ndipo mjue ukaidi wa hizi picha ndugu zangu, na ndiyo maana nimeunda Dawati la Kufuatilia Picha Kaidi, lenye mkuu wa dawati, msaidizi wa mkuu wa dawati, na dawati.

(Mama mmoja aliyekuwa ananyonyesha alicheka mpaka mtoto akaachia ziwa kumtazama. Mimi sikucheka. Nilisimama nikaenda mbele na cheti cha mjukuu wangu, maana binti yangu tangu jana alikuwa amekifunga kwenye kitambaa kisilowe. Nikamweleza Mheshimiwa alichofanya fundi, nikamwambia kama shida ni cheti, hiki hapa, tena kimegongwa na ofisi yenu. Akavaa miwani. Akakisoma mbele, akakigeuza, akakisoma nyuma ambako hakuna kitu.)

Ndugu wananchi, mama yetu hapa ametupa mfano mzuri sana wa mkanganyiko tunaopambana nao. Mama, hongera kwa kutunza nyaraka. Lakini hiki ni cheti cha mjukuu wako. Mjukuu wako hana tatizo lolote na ofisi yangu. Mtuhumiwa hakumgusa mjukuu wako, aligusa kompyuta. Tunachohitaji ni cheti cha picha. Sijui umenielewa, mama, au nikuletee mkalimani?

(Nilimwelewa vizuri sana. Shule niliiacha pale mwalimu alipochoka na mimi, lakini mwanaume anayenizungusha huwa namwelewa kabla hajamaliza kuzunguka. Niligeuka nikamtazama binti yangu. Alikuwa ameinamisha kichwa, anakikunja kile kitambaa kitupu, anakikunjua. Nikajua akirudi nyumbani na jibu hili, mtoto hatatoka tena chumbani. Basi nikakiomba kipaza sauti. Bwana Mchakato akanipa, maana alidhani nataka kumshukuru.

Nikasema, “Nimeelewa, baba. Picha siyo mtu. Sasa mimi ninayo picha yako, ile uliyobandika kila nguzo ya mtaa. Kesho naipeleka kwa fundi yule yule. Nitamwambia akutoe bila suruali, unakimbizwa na bata sokoni, umeshika mkasi wako. Tuisambaze mpaka kwa wakwe zako. Si rangi na umeme tu?”

Sijui nieleze vipi kilichotokea pale. Viti vilianguka. Mzee mmoja alimshika mwenzake shingo asidondoke. Mstari wa mbele, wenye tai zao, wakawa wanatazama sakafu na mabega yanatikisika. Shemeji mtu, mwenyekiti wa kukaimu, alitoka nje kabisa, tukamsikia anakohoa kwenye korido.)

Naomba utulivu. Naomba utulivu ukumbini. Mama, hilo ni kosa la jinai, na nakuonya mbele ya vyombo vya habari kwamba hatutasita kuchukua hatua, kwa mujibu wa Kanuni za Kulinda Heshima ya Viongozi Katika Picha za Kutengenezwa, kanuni ambazo niliziandika mwenyewe siku moja, kabla ya chakula cha mchana, zikasainiwa kabla ya chai ya jioni, na mpaka sasa zimeshamfunga mchora katuni.

(“Na cheti cha kuzaliwa cha hiyo picha yako atakupa nani?” nikamwuliza. Kipaza sauti nilikuwa bado nacho, sikukiachia.)

Cheti cha nini? Haihitaji cheti chochote! Uso ni wangu! Mtu yeyote akiuona uso ule anajua ni mimi, mke wangu anajua ni mimi, watoto wangu watachekwa shuleni, mimi nitatembeaje barabarani? Miguu mitupu ni ya kompyuta, bata ni wa kompyuta, lakini uso, mama, uso ni wa kwangu mimi!

(Aliyasikia maneno yake mwenyewe, maana spika za ule ukumbi zina tabia ya kurudisha maneno: kwangu mimi, kwangu mimi. Binti yangu aliinua kichwa. Alikuwa hajacheka tangu siku ile picha ilipofika, na sasa alikuwa anacheka na machozi yanashuka, na mshonaji amemshika mkono. Makofi yalianza kwetu nyuma yakaenda mbele, na safari hii Mheshimiwa hakuinama.)

Hayo yalikuwa maoni yangu binafsi, ofisi haihusiki nayo. Tuendelee na ratiba. Kwa heshima na taadhima, ndugu wananchi, tumalizie kwa kaulimbiu za uzinduzi, mimi nitasema na ninyi mtaitikia kama ilivyopangwa. Mtoto kwanza!

(“Uso ni wake!” Haikuwa imepangwa hivyo.)

Hapana, mnaitikia “Mchakato mbele.” Turudie. Dijitali salama!

(“Uso ni wake!” Wanahabari nao wakaitikia, soda mkononi.)

Basi inatosha. Kwa kumalizia, napenda kuwashukuru wote waliofanikisha uzinduzi huu wa kihistoria: hoteli kwa bwawa, kampuni ya mapambo kwa maputo, vyombo vya habari kwa kunipiga picha za upande wangu mzuri. Nawashukuru kipekee wataalamu wangu, ambao wangeiandika Sheria hii tunayoizindua kama wangekuwepo. Lakini Kitengo cha Tafsiri ni mimi na kamusi ya mwanangu, Dawati la Picha Kaidi ni dawati tu, bado liko kwa seremala, na Sheria yenyewe haijaandikwa hata neno moja, kwa sababu tuliona ni busara kuizindua kwanza ili tuone kama itapendwa. Asanteni kwa kuipenda, na Mungu awabariki.

(Hakuna aliyepiga makofi. Akashuka jukwaani na miwani bado usoni, akaelekea mlangoni, akamkuta mshonaji ameburuta kiti amekaa katikati ya mlango, na nyuma yake wanawake wamejaa mpaka kwenye ngazi. Akasema apishwe, ana kikao.

“Kikao ndicho hiki, baba,” nikamwambia. “Kaa. Kanuni za kwako uliziandika kabla ya chakula cha mchana, na sisi hatujala.”

Nikamsogezea kiti changu cha plastiki. Binti yangu akamletea karatasi, akasogeza meza, akayasukuma maputo yakaanguka chini, ili apate pa kuandikia Sheria. Dereva wake akaambiwa azime gari. Bwana Mchakato aliitazama ile karatasi, akaniuliza kwa sauti ya chini, bila neno la kizungu hata moja, aanzie wapi.

“Anzia usoni,” nikamwambia.)