Nilivyouzima Moto wa Matanga

Wenzangu mlioko Nairobi, leo nimevuliwa nguo mbele ya ukoo mzima, na suti yangu ya Uingereza nilikuwa nimeivaa, vifungo vyote vitatu.

Mkimaliza kusoma barua hii, ichomeni. (Kuwasha moto bado kunaruhusiwa. Shida ni kuzima.)

Mnanijua. Sina haja ya kujisifu. (Nitajisifu kidogo.) Mimi ndiye mtu wa kwanza kutoka pande hizi za Navakholo kupata diploma ya kuzuia moto katika kituo cha umeme wa atomu. Wa kwanza, na naona nitakuwa wa mwisho, maana tangu nirudi nimezungusha karatasi zangu katika ofisi nne za serikali yetu mpya, na kila karani ananiuliza, "Hiyo atomu iko wapi hapa Kenya?" Nimejitengeneza mwenyewe. Nimeosha vyombo vya Wazungu, nimebeba makaa, nimesoma kwa mwanga wa taa ya barabarani. Hivyo ndivyo ninavyosema siku zote. Dume la ng'ombe la Baba Mdogo Makokha, lililouzwa nikapata nauli ya meli, huwa silitaji.

Baba Mdogo alikuwa mdogo wake marehemu baba yangu, na ndiye aliyenilea. Amekufa Jumanne. Nilikuwa nimekwisha kurudi Kenya wiki sita, lakini nilibaki huko kwenu Nairobi nikingoja cheo. Nilitaka anione nikishuka kwenye gari la serikali. Jana nimeshuka kwenye basi, nikamkuta ndani ya jeneza.

Leo ilikuwa siku ya kuzika. Asubuhi Mzee Wamukoya, mkubwa wa ukoo, aliniita pembeni.

"Kijana, Makokha hakuacha mtoto wa kiume. Wewe ndiye utasema kwa niaba ya watoto wake. Ukimaliza kusema, tunazika."

Nilijibu kwa sauti ya diploma kwamba niko tayari. Moyoni nililia. Hakukuwa na kitu kingine nilichoweza kumfanyia tena mtu yule.

Sasa nisikilizeni vizuri. Kwetu, mwenye boma akifa, moto huwashwa uani siku hiyo hiyo. Magogo makubwa. Wazee huuzunguka, wageni huja kulia hapo, na hauzimiki mpaka marehemu azikwe na majivu yazolewe. Jambo hili nalijua. Nimezaliwa nikalikuta. Likumbukeni mkifika mbele.

Nilikaa na wazee, moto katikati yetu. Hatua kumi hivi nyuma yangu ilikuwa nyumba ya nyasi yenye jeneza. Chini ya paa lake alikaa bibi yetu mzee, tunamwita Kukhu, juu ya kigoda, na chungu cha maji, na gunia bichi limefungwa kwenye ncha ya ufito mrefu. Nilimwona. Nilidhani anapumzika tu.

"Hebu tuambie," Mzee Wamukoya akasema. "Hiyo nyumba ya atomu ikishika moto, mnafanyanga nini?"

Ndugu zangu, nilikuwa nimengoja swali hilo miaka minne! Nikawaeleza habari za mabomba ya darini yanayofunguka yenyewe yakihisi joto. Milango mizito inayojifunga bila mkono wa mtu. Nyaya zilizopitishwa njia mbili mbali mbali, ili moto ukila njia moja, nyingine ibaki kuuendesha mtambo. Na vyumba visivyotakiwa kumwagiwa maji hata tone, ambako tulitumia gesi.

"Gesi inaua moto kwa kuunyima hewa."

"Na mtu?"

"Na mtu pia, Mzee. Ndiyo maana kabla ya kuifungua ni sharti uulize kwanza."

"Unauliza nini?"

"Moto ni wa nani, na ndani kuna nani. Maana pengine ni moto wa fundi anayechomelea chuma, una ruhusa. Na pengine kuna mtu humo ndani."

"Hiyo ni akili," akasema Mzee. Wazee wote wakatikisa vichwa. Nilijisikia mrefu.

Kukhu akapaza sauti kutoka kwenye kigoda chake. "Na wewe mwenyewe, mjukuu wangu, kazi yako hapo ilikuwa gani?"

"Mlinzi mkuu wa moto, Kukhu."

(Nilikaa karibu na mafundi wa kuchomelea nikiwa na ndoo ya mchanga, nikitazama cheche zinaangukia wapi. Cheo kilikuwa mlinzi wa moto. Hilo neno "mkuu" nililiongeza nilipofika Mombasa.)

Kuwathibitishia, nikatoa nyumbani chupa yangu nyekundu ya kuzimia moto, ile ya unga, ambayo wenzangu wa kituoni walinipa tukiagana. Nikaisimamisha kando ya kiti changu. Ilikuwa ya watu kuona tu.

Saa sita hivi upepo ukageuka. Gogo likapasuka, paa! Cheche zikaruka, moja ikatua kwenye ncha ya nyasi za paa.

Nilisimama. Nilipiga kelele kwa Kiingereza. Mafunzo yakanikamata miguu na mikono, na mafunzo yanasema usihangaike na cheche, kata chanzo. Nikachomoa pini, nikaelekeza mdomo wa chupa kwenye moto, nikabana.

Fshhhhh!

Wingu jeupe lilimeza wazee. Lilimeza sinia la obusuma, ugali wetu, na kuku lililokuwa limeletwa wakati ule ule. Ndimi za moto zikalala, ila makaa yalibaki mekundu. Mtu mwingine angeishia hapo. Mimi nina diploma! Nikanyakua ndoo ya maji ya kunawa mikono, nikaimwaga yote. Kisha nikachokora majivu kwa kijiti kuhakikisha hakuna kilicho hai. Hakukuwa na kilicho hai.

Nikageuka nikitabasamu, nikingoja makofi.

Wanawake waliokuwa wakilia walikuwa wamenyamaza. Kukhu alikuwa amekwisha kurudi kwenye kigoda. Gunia lake lilikuwa linafuka moshi kidogo. Paa halikuwa na kitu.

"Cheche nimeiua mimi," akasema. "Wewe umeua nini?"

Hapo ndipo kumbukumbu ikanirudia, yote kwa pamoja, kama mtu aliyemwagiwa yale maji.

Mzee Wamukoya alifuta unga kwenye nyusi. Hakukasirika. Afadhali angekasirika. "Mwanangu," akaniuliza taratibu, "moto ni wa nani?"

Nikaweka kijiti chini.

Akanyoosha fimbo yake kwenye nyumba yenye jeneza. "Na ndani kuna nani?"

"Uraya wamemfundisha kuzima matanga!" binamu yangu Barasa akasema nyuma.

"Mwacheni," akajibu mwingine. "Asije akampulizia na marehemu."

Wazee, weupe kwa unga, wakakaa shauri. Ilibidi moto uwashwe upya kwa makaa ya jikoni kwa marehemu mwenyewe. Mama Mdogo, mjane, aliyaleta juu ya kigae, akitembea polepole yasimwagike. Alipopita mbele yangu hakunitukana. Alisema tu, "Barua zako alikuwa anatusomea sisi sote."

Kisha Mzee akatoa neno. "Huu sasa ni moto mchanga. Makokha hawezi kusindikizwa na moto mchanga. Utalala ukiwaka usiku huu, atazikwa kesho. Atakayesema ni Barasa."

"Na mimi, Mzee?"

"Wewe kaa na Kukhu."

Basi niko hapa chini ya paa, suti nyeupe kwa unga, gunia bichi mkononi, nawaandikia juu ya goti. Kila cheche ikiruka naifuata kwa macho. Kukhu amenitazama muda mrefu.

"Huko kwa Wazungu, walikuwa wanakulipa kukaa hivi?"

"Ndiyo, Kukhu."

"Na hiyo diploma ilikuwa ya nini?"

Ilikuwa ya swali moja, ndugu zangu: kabla ya kuzima, uliza nini? Kwenye mtihani nililipata lote. Chekeni kama ni lazima, ila chekeni huko huko Nairobi. Hapa bado hatujazika.